Bwana Bangaloo

Fomu ya halmashauri ina safu ya tatu: AINA YA JENGO.
Chini yake visanduku vinne:
ghorofa, bangaloo, banda, nyinginezo.
Kalamu yangu imefungwa kamba kama mbuzi.

Nyumba ya kwanza iko Raskazone.
Bati jekundu limeliwa na kutu pembeni,
veranda pana, ungeanika mpunga wa kijiji kizima,
madirisha ya wavu, na yote iko chini,
haina ngazi ila zile tatu za kupandia kiburi.
Nikatia alama: bangaloo. Nikaondoka.

Neno halikuondoka. Lilibaki mdomoni
kama kokwa ya ukwaju.

Bibi yangu Mwanamkasi alifua shuka
za nyumba ya meneja, shamba la mkonge, Pongwe,
miaka sita, kwa sabuni ya mche na maji ya kisima.
Wenzake walimwambia, "Peleka shuka Bangaloo,"
"Bangaloo wanakuita," "Bangaloo leo kuna wageni,"
naye akajua basi, ndiye huyo mwenye mali:
Bwana Bangaloo, mzungu asiyeonekana,
mwenye shuka nyingi na mwili mmoja.
Meneja, aliyemwona kwa macho,
alimdhania karani wake.

Bei ya mkonge ilipoanguka wakafunga milango,
na mshahara wa mwezi na nusu ukabaki ndani.
Mpaka anakufa, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
mchele ukipanda bei Bibi alisonya:
"Na Bangaloo hajanilipa."
Sisi watoto tukalitia jina lile mchezoni.
Aliyekula gololi zako asirudishe,
Bangaloo huyo, mkimbizeni.

Nilimuuliza Fakhruddin wa duka la vyuma
siku niliyokwenda kununua futikamba mpya.
Alicheka hadi miwani ikamshuka puani.
"Bangla," akasema. "Ya Bengali. Nyumba ya watu wa kule.
Usinitazame mimi, wazee wangu ni wa Kachi,
Bengali sijaiona hata kwenye kalenda."
Akapima misumari ya mteja mwingine,
kisha, bila kuinua kichwa:
"Kibanda tu, dada. Udongo, mianzi, nyasi,
paa limepinda kama mgongo wa mpanda mpunga.
Waingereza walikiona, wakakitamani,
wakakipanua, wakakipaka chokaa, wakaingia wao."

Kumbe.
Neno lilitoka shambani pekupeku,
likavushwa maji bila kuulizwa,
likashuka Tanga limevaa soksi ndefu,
nasi tukaliamkia.

Hata ghorofa, tuitazamayo mpaka shingo ikauma,
kwa Waarabu lilikotoka neno ni chumba.
Chumba tu. Mahali pa kutandika mkeka.

Ijumaa zamu ikafika Barabara ya Kumi na Nne.
Nikapima nyumba niliyozaliwa kama nyumba ya mgeni:
kuta za udongo na fito, lipu imebanduka kwa choo,
vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma,
paa la mgongo wa tembo lililopinda kidogo,
pale pale Bibi alipokuwa akitega ndoo.
Nikakaa barazani na fomu magotini.
Mkono ulipita juu ya banda, ukasita,
ukarudi nyuma kisanduku kimoja.

Shangazi Kibibi alikuja na miwani ya marehemu mumewe,
akasoma, akasoma tena.
"Wewe mtoto una wazimu? Umetuandika bangaloo?
Unajua kodi ya bangaloo?"
"Najua, Shangazi."
"Haya, atalipa nani?"

Nilikuwa na jibu refu, lenye mpunga na mianzi,
lenye meli, na mgongo wa mtu nisiyemjua jina.
Hakulingoja. Alikwisha kusonya, msonyo ule ule,
akanirudishia fomu.
"Basi mpelekee Bangaloo," akasema.
"Mwambie akate kwenye deni letu."